Sahani ya Radhamés

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni Noris Peguero alizima jiko, akafunua sufuria ya wali, akachukua sahani ya bati yenye ukingo wa bluu na kumpakulia mume wake. Alianza na wali. Maharage mekundu aliyamwaga pembeni, si juu, kwa sababu Radhamés hakupenda wali wake ulowe. Akaweka paja zima la kuku pamoja na ngozi yake, ndizi tano za kukaanga na kipande cha parachichi. Akafunika kwa sahani nyingine, akaisukuma nyuma ya jiko, mahali panapobaki na joto. Hapo ndipo alipogeuka kuwaita watoto.

Radhamés mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameondoka Lawrence, mji huu wa baridi, miaka minne na miezi miwili nyuma, kwenda kwao Baní, ng'ambo ya bahari, kumzika mama yake, akiwa na sanduku moja na tiketi ya kurudi baada ya wiki mbili. Mama alizikwa vizuri. Watu walikuja wengi, picha zikatumwa, na katika picha hizo Radhamés alionekana amevaa suti ya kuazima na uso wa mtu mwenye huzuni ya kweli. Baada ya picha hakikuja kitu kingine.

Watoto walikuwa wawili. Yudelka, mwenye miaka kumi na mitatu, alipewa bawa. Belkis, mwenye miaka mitano, alipewa mguu. Noris hakukaa mezani. Alisimama palepale jikoni, kijiko mkononi, akikwangua ukoko chini ya sufuria na kuutafuna huku akitazama saa ya ukutani.

“Mama, kaa ule,” alisema Yudelka.

“Nimeshakula.”

“Umekula saa ngapi?”

“Nilikuwa naonja.”

Saa kumi na moja na nusu kamili kijiko kiligonga bati mara mbili ndani ya sahani iliyofunikwa. Dakika ishirini baadaye Noris alifunua. Sahani ilikuwa tupu. Mfupa wa paja ulikuwa umetafunwa ncha zote mbili na kunyonywa uboho, na kando yake palikuwa na kijiti cha meno kilichovunjwa katikati. Noris aliiosha sahani hiyo kabla ya vyombo vingine, kama alivyofanya kila siku, akaianika peke yake.

Mwaka wa kwanza haikuwa hivyo. Mwaka wa kwanza sahani ilipoa tu, na kesho yake Yudelka alikuwa akibeba chakula cha baba yake kwenda nacho shuleni. Kumpakulia mwanamume kwanza, na kumpakulia hata asipokuwepo, lilikuwa jambo la kawaida katika nyumba zote tatu za ghorofa la mbao walimoishi, na mitaa yote iliyozunguka. Mama yake Noris alifanya hivyo, na bibi yake pia. Mwanamume anaweza kuingia wakati wowote, na akiingia asikute jiko limelala. Kosa la Noris, kama ni kosa, ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia siku ya kuacha.

Mwaka wa pili, Jumanne moja ya Kwaresima, alifunua sahani na kuikuta nyeupe. Aliitazama kwa muda mfupi.

“Alikuwa na njaa,” alisema, akaiosha.

Yudelka ndiye aliyekataa. Kwanza aliwashuku panya. Halafu alimshuku Belkis, akamnusa mdomo. Halafu alimshuku Doña Tatica, mjane wa ghorofa ya chini, ambaye alikuwa na ufunguo wao na alipenda ngozi ya kuku kupita kiasi. Wiki nzima alikaa kwenye kiti mbele ya jiko, mikono magotini, macho kwenye sahani. Kifuniko hakikuinuka hata siku moja. Alisikia kijiko, alisikia mtu akitafuna kwa mdomo wazi, na Ijumaa, siku ya samaki, alisikia mtu akikohoa mwiba. Baada ya hapo alirudi kwenye masomo yake, maana mitihani ilikuwa imekaribia.

Habari za upande wa pili zililetwa na Doña Tatica mwenyewe. Alikuwa na binamu mwenye duka dogo Baní, karibu na nyumba aliyokuwa akiishi Radhamés siku hizo na mwanamke anayeitwa Miguelina. Binamu alikuwa anaona kila kitu kutoka kwenye kaunta yake.

“Anakaa mezani saa kumi na mbili na nusu kama padri,” alisimulia Doña Tatica, akijipepea kwa bahasha ingawa ilikuwa Januari na nje kuna barafu. “Meza tupu, shoga. Mikono mapajani. Anatafuna. Miguelina anamwekea chakula, hakitazami. Anatafuna zake hewa, anameza, anapiga mbweu, anaomba kijiti. Na ananenepa! Suruali hazifungi. Anatoka mlangoni ubavu ubavu.”

“Afya yake nzuri, basi,” alisema Noris.

“Nzuri? Kama ng'ombe wa maonyesho. Wewe je? Hebu jitazame. Hiyo sketi umeikunja mara ngapi kiunoni?”

Noris aliigeukia saa ya ukutani. Alikuwa ameshaanza kuwaza saa, kwa sababu Baní hawageuzi saa zao wakati wa baridi, na Lawrence wanazirudisha nyuma saa moja. Radhamés alikula saa kumi na mbili na nusu ya kwake, na majira ya baridi hiyo ni saa kumi na moja na nusu ya huku. Kwa hiyo tangu mwisho wa Oktoba hadi Aprili Noris alitoka kiwandani, alikokuwa akishona mifuko ya makoti, na kukimbia. Alikimbia juu ya barafu na viatu vya mtumba, akapanda ngazi na koti mwilini, akawasha jiko kabla ya taa. Miezi mingine sita alitembea.

Siku moja Doña Tatica alipanda juu na ujumbe.

“Usinikasirikie, mimi naleta tu,” alisema kabla hata ya kukaa. “Miguelina amempeleka kwa daktari. Ana presha. Anaomba upunguze mafuta, na chumvi hasa. Anasema, ‘Mwambie yule bibi, kwa heshima zote, ataniulia mwanamume.’”

Yudelka alikuwa anafanya hesabu mezani. Aliiweka kalamu chini.

“Nani kasema?”

“Miguelina.”

“Mama, umesikia? Mwanamke wake anakuagiza upike vipi!”

Noris alikuwa anachambua mchele. Aliendelea mpaka akamaliza sinia.

“Ana haki,” alisema hatimaye. “Baba yake Radhamés alikufa kwa presha.”

“Mama!”

“Najua yule ni nani, Yudelka. Sijazaliwa jana. Lakini kwenye chumvi ana haki.”

Tangu siku hiyo sufuria nzima haikutiwa chumvi, na nyumba nzima ikala chakula cha mgonjwa. Belkis alilia siku mbili, halafu akazoea. Yudelka hakuzoea. Kila alipotia kijiko mdomoni alihisi hasira ikimpanda shingoni, si kwa sababu ya chumvi peke yake. Alikuwa amemkasirikia baba yake, na Miguelina ambaye hajawahi kumwona, na zaidi ya wote mama yake, ambaye alikuwa anapungua mbele ya macho yake kama sabuni, na ukimwuliza anakwambia alikuwa anaonja.

Februari, Noris alianguka kiwandani. Alianguka kati ya mashine mbili, polepole, akiwa bado ameshika mfuko wa koti. Msimamizi alimpeleka zahanati, na zahanati ikamwita Yudelka kutoka shuleni kwa sababu mgonjwa hakujua Kiingereza.

Daktari alikuwa mzee mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alisoma karatasi, akasoma tena.

“Mwulize mama yako anakula nini.”

Yudelka aliuliza.

“Mwambie kila kitu,” alisema Noris. “Wali, nyama, maharage, kila kitu.”

“Anakula ukoko,” alisema Yudelka kwa Kiingereza.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia, mama.”

Daktari aliandika. Aliuliza nyumbani mko wangapi. Yudelka alisema watatu. Akauliza wanaokula ni wangapi. Yudelka alisema wanne. Daktari aliinua macho, si kwa mshangao, ila kama fundi aliyesikia mlio anaoufahamu.

“Wa nne yuko wapi?”

“Baní.”

“Anakula kiasi gani?”

“Paja kila siku. Na parachichi zikiwepo.”

“Ninao wengine sita wa namna hii,” alisema daktari, akivua miwani. “Wawili ni wa mtaa wenu. Kuna mmoja ng'ambo ya mto analisha mume na shemeji wawili. Mwambie mama yako damu yake iko chini sana. Nikipima tena mwezi wa tatu nikaikuta hivi, nitamlaza, na siahidi chochote. Vidonge nitampa, lakini vidonge bila nyama ni bure. Mwambie sahani ile aile yeye.”

Yudelka alitafsiri yote, neno kwa neno, na kwenye sehemu ya sahani alipaza sauti.

Noris alisikiliza hadi mwisho. Akatabasamu kwa adabu.

“Mwambie ahsante, daktari,” alisema. “Mwulize kama barafu imeshaondolewa kule barabarani, tusije tukachelewa.”

Usiku ule Yudelka alimwandikia baba yake. Hakuwa na anwani, lakini sahani ilikuwa inafika. Kesho yake alikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuichomeka chini ya wali. Aliianza kama mtoto yeyote wa kwao anavyoanza na mzazi, kwa kuomba baraka:

“Baraka, baba. Mama anaumwa, hana damu. Daktari amesema ale nyama. Tunaomba ule huko huko kwa muda. Mimi binti yako, Yudelka.”

Sahani ilirudi tupu. Barua ilirudi pia, na madoa ya mafuta. Chini yake, kwa kalamu ya risasi na mwandiko mkubwa unaolalia kushoto, palikuwa na maneno haya:

“Mungu akubariki. Maharage siku hizi hayana chumvi.”

Yudelka aliisoma akiwa amesimama. Kwa miaka minne alikuwa amewaza baba yake angemwandikia nini. Aliichana vipande vidogo, akavitupa, na kwa kuwa hasira ilikuwa bado ipo akarudi kwenye ndoo na kuvichana tena. Aliandika barua ya pili, ndefu, yenye jina la ugonjwa na tarehe ya kipimo. Jibu lilisema, “Mungu akubariki. Ndizi zigeuzwe zaidi.” Ya tatu haikuwa na ombi lolote, ilikuwa na swali moja: anakumbuka siku ya kuzaliwa ya Yudelka? Hiyo ilirudi bila kuandikwa kitu, ila alikuwa amefutia vidole.

“Angalau baba yako anasoma,” alisema Doña Tatica alipoonyeshwa. “Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anakaa palepale mezani na hakusikia neno langu miaka thelathini.”

Wiki iliyofuata Noris alianguka tena, safari hii kwenye ngazi za nyumbani, na ndizi zikabingirika hadi mlango wa Doña Tatica. Kiwanda kilimpa siku tatu za kupumzika bila malipo. Alilala kitandani na soksi mbili mbili, uso una rangi ya mshumaa, na kila saa moja aliuliza saa ngapi.

Alhamisi Yudelka alipika. Alisaga vitunguu saumu na oregano kwenye kinu, akamkamulia kuku ndimu, akamkaanga kwa sukari mpaka akawa mwekundu kama mama yake anavyofanya. Akatia chumvi. Saa kumi na moja na dakika kumi alichukua sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, akapakua wali, maharage pembeni, paja zima na ngozi yake, na ndizi za kukaanga. Hakuifunika. Aliiweka mezani, akaenda chumbani, akamwinua mama yake kwa kwapa na kumkalisha mbele yake.

“Kula.”

Noris aliitazama sahani, halafu saa.

“Hii ya baba yako.”

“Baba yuko wapi?”

“Usinijibu hivyo, we mtoto.”

“Nakuuliza tu. Mwonyeshe nimpe. Yuko chini ya meza? Belkis, hebu chungulia.”

Belkis alichungulia chini ya meza. “Hayupo,” alisema.

“Yudelka, mtu amekaa kule anasubiri.”

“Na mimi nimekaa hapa nasubiri!” Alikuwa na hofu, na hofu ile alikuwa amechoka kuivalisha hasira. Aliogopa kwamba mama yake atakufa mwezi wa tatu, na kwamba yeye atabaki katika mji huu wa barafu na Belkis na ile sahani, na kwamba siku ya matanga, saa kumi na moja na nusu, kijiko kitagonga bati kama kawaida. “Mama, nakuomba. Leo tu. Siku moja tu ya mwaka.”

Noris alishika kijiko. Pengine ni harufu ya kuku, pengine ni kwa sababu hakuwa na nguvu za kubishana. Alikula wali kidogo. Alikula maharage. Akalishika paja kwa mkono, akalitazama kama mtu aliyesahau pa kuanzia, akauma. Alitafuna muda mrefu. Yudelka aliona masikio ya mama yake yakirudiwa na rangi ya damu, kwanza ncha, halafu chini. Saa kumi na moja na nusu ilipita. Nusu ya paja ilikuwa imekwisha. Noris alifumba macho, akauma tena.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na sita simu ililia.

Noris aliinuka kwa haraka ambayo hakuwa nayo wiki nzima. Alifuta mikono, akalaza nywele kwa viganja vyote viwili, ndipo akanyanyua.

“Noris,” ilisema sauti. Simu ile ilikuwa kuukuu na yenye sauti kubwa, jiko zima lilisikia. “Kuna nini leo?”

“Radhamés.”

“Nimekaa mezani hapa dakika sita. Nimepiga kijiko, hakuna kitu.”

“Ni mtoto,” alisema Noris. “Amechanganya.”

“Mwambie asichanganye. Nina vidonge vya presha, havinyweki na tumbo tupu.”

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu mazishi. Noris aliuzungusha waya wa simu kwenye kidole.

“U mzima?”

“Mzima.”

“Utakuja lini?”

“Mambo yakikaa sawa.”

“Huku kuna theluji sana mwaka huu.”

“Ndivyo ilivyo huko,” alisema Radhamés. “Sasa unaleta au huleti?”

Belkis alikuwa ameshavuta kiti na kupanda juu yake. Alikuwa mchanga wa miezi kumi baba yake alipoondoka, na sauti ile hakuwahi kuisikia ila kwa kukohoa mwiba. Alimnyang'anya mama yake simu.

“Baraka, baba!” alisema, kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watoto wenzake kila siku mlangoni.

Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, kimya cha mtu anayepapasa mifuko.

“Mungu akubariki, Yanilda,” ilisema sauti.

“Mimi Belkis.”

“Ndiyo. Mpe mama yako.”

Belkis alishuka kwenye kiti akiwa na furaha tele, akaenda kumwambia mwanasesere wake kwamba amebarikiwa. Yudelka alishika simu kwa mikono yote miwili.

“Baraka, baba. Mama anaanguka. Daktari anasema atalazwa. Baba, unasikia? Mwache ale!”

Nyuma yake Noris alikuwa ameshaivuta sahani. Aligeuza paja ili upande ulioumwa ulalie wali, akajaza pengo kwa kijiko cha maharage, akapanga ndizi juu yake, akafunika, akaisukuma nyuma ya jiko. Kijiko kikagonga bati mara mbili.

“Mungu akubariki,” alisema Radhamés kwenye simu, mdomo umejaa.

Baada ya hapo hakukuwa na maneno, kulikuwa na kutafuna tu, kwenye simu na kwenye jiko, kwa pamoja. Noris aliichukua simu kutoka mikononi mwa binti yake, akaiweka sikioni na kuegemea ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisikia kijiti kikivunjwa. Kisha simu ikakatika, na yeye akaendelea kuishika kidogo.

“Sauti yake nzuri,” alisema. “Haijabadilika.”

Yudelka alitoka kwenda varanda ya nyuma, akasimama kwenye theluji na kandambili, akalia kwa hasira mpaka miguu ikafa ganzi. Doña Tatica alimwona kutoka chini, akapanda na shali lake bila kuuliza kitu. Kelele alikuwa amezisikia zote kupitia sakafu.

“Yanilda ni nani?” aliuliza Belkis walipokuwa wamekaa wote.

Doña Tatica alimtazama Noris. Noris alikuwa anaangalia mikono yake.

“Sema tu,” alisema.

“Ni binti yao. Ana miaka mitatu.” Doña Tatica alishusha sauti, ingawa aliokuwa akiwaficha walikuwa wamekaa mbele yake. “Sikutaka kukwambia. Kenyewe kembamba, binamu yangu anasema, kanakuja dukani kusimama tu. Kazi Radhamés aliacha zamani. Ya nini, na chakula kinakuja? Miguelina anafua nguo za watu. Siku nyingine mtoto analala na maji ya sukari.”

“Na yeye anakaa naye meza moja?” aliuliza Noris.

“Meza moja.”

“Anatafuna, mtoto anamtazama?”

“Kila siku, shoga.”

Yudelka alimtazama mama yake usoni na kwa mara ya kwanza aliona kitu alichokuwa akikisubiri miaka mingi. Midomo ilikuwa imebana, na mshipa umesimama kwenye paji la uso. Noris alikuwa amekasirika. Yudelka alisogea karibu. Aliamini kabisa kwamba sasa sahani ile itavunjwa, na alikuwa tayari kushika nyundo.

“Mtu mzima na akili zake,” alisema Noris. “Mtoto anamtazama mdomoni.”

“Ndiyo, mama.”

“Mtoto hana kosa.”

“Mama, hapana,” alisema Yudelka.

Jumatatu Noris alirudi kazini, akarudi akikimbia, akawasha jiko kabla ya taa. Ilikuwa siku ya wali wa mbaazi. Alipakua sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, akaifunika. Kisha akateremsha nyingine ndogo, ya plastiki, ya manjano, akatia wali wa mtoto, akachambua nyama ya mguu na kuondoa mifupa, akaifunika kwa kisosi na kuiweka kando ya ile kubwa.

“Umerogwa,” alisema Yudelka. “Mama, nakwambia kweli, umerogwa. Utawalisha Baní nzima?”

“Punguza sauti.”

“Na Miguelina je? Usimsahau. Na binamu wa Doña Tatica, naye si ana tumbo?”

“Yudelka, nipishe nipite.”

Yudelka alifunga mlango wa chumba kwa kishindo kilichoangusha kalenda. Alikaa huko mpaka zikapita dakika ishirini, halafu akatoka, kwa sababu vyombo vilikuwa zamu yake.

Sahani kubwa ilikuwa kama siku zote. Akafunua ndogo. Wali ulikuwa umeisha, nyama imeisha, na mbaazi zilikuwa zimetolewa moja moja na kupangwa kwenye ukingo, kumi na moja, hakuna hata moja iliyoumwa. Upande wa pili wa meza Belkis alikuwa anafanya vilevile na za kwake. Yudelka alisimama na kisosi mkononi. Alijaribu kuichukia sahani ile, na alikuwa na kila sababu, lakini haikuwezekana. Akaiosha.

Kesho yake Noris alipakua tena wali wa mbaazi kwenye zote mbili, na kabla ya kufunika ile ya manjano Yudelka alimshika mkono. Aliinama juu ya wali na kijiko cha chai, akaanza kuokota mbaazi, moja baada ya nyingine, mpaka zikajaa kijiko. Noris alikuwa amesimama na sahani kubwa mkononi, hana pa kuiweka, kwa hiyo kijiko kilipofika midomoni aliufungua mdomo. Alitafuna haraka haraka, macho kwenye saa.

“Hebu funika,” alisema kabla hajameza. “Watu wana njaa.”